Naomba Isibadilishwe

Maisaka, Babati
10 Juni 2024

Dada Shadya,

Habari ya Arusha, na pole na baridi ya mwezi huu. Huku sisi wazima. Mama anakusalimia sana. Anasema tangu mhamishe duka hana tena pa kukaa akipita sokoni, maana benchi lenu mliondoka nalo.

Nakuandikia ndani ya boksi la spea kwa sababu nimepiga simu ya duka akapokea Kaka Bushiri. Nikamweleza vizuri kabisa: pikapu ya marehemu mzee wangu, tairi la mbele kulia linachemka kiasi cha kukaangia yai, kalipa imeng'ang'ania diski haitaki kuiachia. Nikamwomba seti ya raba. Aisee, sentensi sikuimaliza. "Fundi, nunua kalipa mpya, acha mambo ya kale." Akakata.

Sasa nikuulize wewe uliyekulia kwenye spea. Kalipa kazi yake ni kubana diski gari lisimame, si ndiyo? Chuma chenyewe kizima. Silinda nimeipitisha kidole ndani, laini. Kilichokufa ni raba ya ndani na ile ya kuzuia vumbi, imepasuka, tope la njia ya Bonga likaingia, pistoni ikashika kutu. Ndiyo nitupe mwili mzima? Kwa mtindo huo na mimi mwenyewe ningeshatupwa zamani.

Pistoni hiyo hapo, nimeileta kama sampo. Ukipata raba zinazoikaa, mpe Fabiani, konda wa basi la asubuhi. Ananifahamu.

Fundi wako wa Babati,
Salvatory


Arusha
14 Juni 2024

Kaka Salvatory,

Umenichekesha hadi mteja akadhani namcheka yeye. Mpe Mama shikamoo yangu, na mwambie benchi lipo, liko nje ya duka hapa, wanalikalia watu wasiosalimia.

Bushiri usimkasirikie. Kaka yangu anapenda kitu kilicho kwenye boksi jipya, basi. Hata kalipa za wateja hataki kuzigusa asichafuke, nazifungua mimi zote. Jirani yetu ana mashine ya kujazia matairi. Naelekeza upepo kwenye tundu la bomba la breki, pistoni inachomoka yenyewe, poo! Naweka kitambaa mbele isije ikamvunja mtu meno. Marehemu Baba ndiye aliyenifundisha, pale pale Babati, na wewe ulikuwa unakuja kusimama mlangoni ukijifanya unatafuta boliti. Unakumbuka?

Raba zako hizi hapa, nimezipima kwenye pistoni yako. Lakini nisikilize vizuri. Usizioshe kwa petroli! Nawajua ninyi mafundi wa huko. Petroli inazivimbisha, halafu kesho unarudi unalia kwamba Shadya kaniuzia feki. Osha kwa mafuta ya breki tu. Kutu ya juu kwenye pistoni itoke kwa msasa laini wa maji, lakini ukikuta vishimo, acha ubishi, pistoni hiyo imekwisha. Yako haina vishimo, nimeiangalia juani. Inaripeka.

Niandikie habari za huko. Ziwa limejaa? Kwenye duka letu la zamani wameweka nini? Huku nina mama yangu na kaka yangu, sikosi kitu, ila asubuhi nikiamka bado naangalia upande ambao mlima Kwaraa ulikuwa, naona ukuta wa jirani.

Maboksi ya Babati nafungua mimi. Andika tu.

Shadya


Maisaka, Babati
23 Juni 2024

Dada Shadya,

Kwanza kabisa: hereni. Nimefungua mfuko wa raba, na raba ya vumbi imekaa na hereni yako katikati. Ile ya fedha yenye kijani, ambayo baba yako alikununulia ulipomaliza kidato cha nne. Naijua kwa sababu ulikuwa unaitingisha makusudi ukinihesabia chenji. Nadhani ilikudondoka wakati unafunga mzigo. Mama ameiosha kwa sabuni, ameiweka kwenye kikombe kile kizuri ambacho hata padri hajawahi kukinywea.

Pili: breki. Nimefuata kila ulichosema. Mafuta ya breki tu, petroli sikuinusa. Nikapaka zile pini grisi yake, nikafunga. Ikabaki kutoa upepo kwenye bomba, na unajua hiyo ni kazi ya watu wawili. Mama akapanda kwenye usukani na rozari yake mkononi. Mimi niko chini natazama niple ya kutolea upepo. Nasema kanyaga, anasema Salamu Maria. Nasema shikilia, anaendelea umejaa neema. Nasema achia, haachii mpaka afike amina! Lakini upepo wote ulitoka. Breki hizo zimebarikiwa, sijawahi kuona gari likisimama kwa adabu namna ile.

Duka lenu sasa ni la vocha na makava ya simu. Ukuta wameupaka rangi ya zambarau, lakini lile tairi alilochora baba yako bado linaonekana kwa chini ukisimama karibu. Nimesimama karibu. Ziwa limejaa, viboko wamepanda wamekula mahindi ya watu.

Hereni niirudishe kwa Fabiani?

Salvatory


Arusha
2 Julai 2024

Salvatory,

Usimpe Fabiani. Kikombe cha Mama kinatosha.

Nilivyoitafuta hiyo hereni! Nimelia jamani, nimepekua hadi kwenye taka, nikamwambia mama kwamba zawadi ya Baba imepotea. Halafu naambiwa iko Babati. Nikakaa kwenye benchi nikacheka peke yangu. Imerudi nyumbani kabla yangu.

Itunze. Siku ukija mwenyewe utanipa mkononi. Hii moja iliyobaki nimeiweka kwenye kabati, sitavaa hereni moja watu wanione chizi.

Eti umesimama karibu na ukuta. Kwa nini unaniandikia vitu kama hivyo halafu unaishia na viboko? Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko inavyostahili.

Shadya


Maisaka, Babati
16 Septemba 2024

Shadya,

Tumemaliza mbaazi. Nimezibeba zote kwa pikapu kutoka Bonga, ikiwa imelemewa hadi inakaa chini kama kuku anayeatamia, na kwenye kila mteremko breki zikanisikia.

Tafadhali nitumie seti nyingine ya raba, upande wa kushoto.

Sasa nimeandika hivyo na kalamu inanisuta. Kushoto kuzima. Na zile za mwezi wa nane nilizosema za mteja, mteja hayupo, ziko kwenye droo. Nafungua kalipa nzima, naifuta, naifunga tena, ili niwe na sababu ya kupata boksi. Mama ameniuliza juzi, "Hili gari linaumwa nini kila siku?" Nikasema Mama, gari halina shida. Akanitazama. Akaenda kukitazama kikombe.

Nakupenda, Shadya. Si jambo la jana. Nilikupenda nikiwa nasimama mlangoni kwa baba yako kutafuta boliti ambazo nilikuwa nazo mfukoni. Nikakaa kimya kwa sababu mimi ni mtoto wa Mama Salvatory, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na wewe ni mtoto wa Alhaji, nikaona nani atanielewa. Halafu mkahama, nikajiona mjinga kupita kiasi.

Sijui wewe unaonaje. Kama nimekosea, nitumie raba tu bila barua, nitaelewa na nitaendelea kuwa mteja.

Salvatory


Arusha
20 Oktoba 2024

Salvatory wangu,

Hukukosea. Mjinga wewe, umechelewa lakini hukukosea.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mambo yamebadilika hapa, nikwambie yote kwa mpangilio. Simu yangu sina tangu mwezi wa nne. Bushiri aliona ule ujumbe wako wa Idi, ule wa kunitakia heri tu, akaichukua. Sikukwambia, niliona aibu, mtu mzima kunyang'anywa simu kama mtoto wa shule. Ndiyo maana nakwambia andika kwenye boksi. Sasa tangu wiki iliyopita boksi nalo amelishtukia. Ameniambia, "Babati nzima ina gari moja bovu?" Anakwenda stendi mwenyewe kuchukua mizigo, anafungua na kusoma kila karatasi kabla sijagusa kitu. Hili boksi nimelifunga mimi, ndiyo maana limekufikia. Barua yako ya Septemba ilikuwa ya mwisho kunifikia salama. Usiniandikie tena neno lolote la namna ile.

Kuna mtu anaitwa Sele. Ana duka la matairi. Amekuja na wazee wake kuniposa. Sina la kumsema vibaya, ni mtu mpole, anasalimia mama yangu kwa heshima, na Bushiri anampenda. Wanataka jibu Ijumaa ya tarehe moja Novemba, baada ya sala.

Salvatory, najua wewe ni Mkatoliki. Najua mama yako ataambiwa maneno kanisani na mama yangu ataambiwa maneno huku. Sikuombi leo tuamue nani anahamia kwa nani. Nakuomba uje na mshenga wako, mkae kwenye sebule yetu kama watu, muulizwe, mjibu. Basi. Mama yangu ameniambia kwa siri, akija kwa heshima atasikilizwa.

Tufanye hivi. Kama unakuja, nirudishie hereni kabla ya Ijumaa hiyo. Tafuta namna Bushiri asiione. Nikiiona tu, nitawaambia hapana mbele yao wote, na nitakungoja hata kama ni baada ya mavuno mengine. Usipoirudisha nitajua umeshindwa, na sitakuuliza kwa nini. Sitakuandikia kukusumbua. Kila mtu anajua mzigo wa nyumbani kwake.

Lakini irudishe. Nakuomba irudishe.

Shadya wako


Maisaka, Babati
28 Oktoba 2024

Kwa Ndugu Bushiri,

Habari ya kazi.

Naleta kalipa moja ya mbele kulia, imekwama tena. Naomba sana isibadilishwe. Naomba ifunguliwe na pistoni itolewe kwa upepo, na yule anayezitoa siku zote, maana anaijua. Raba zozote mtakazoweka nitakubali.

Ni muhimu ifunguliwe kabla ya Ijumaa, kuna safari.

Wenu mteja,
Salvatory, fundi


Arusha
2 Novemba 2024

Salvatory,

Boksi limefika Alhamisi. Nimeona jibu lako.

Nakutumia kalipa mpya mbili, kulia na kushoto, kamili na pedi zake. Usiulize habari ya malipo, ni mimi nimeamua. Hutahitaji tena kuhangaika na raba wala kutuma kitu huku. Bushiri alikuwa na haki tangu mwanzo, kuna vitu mtu abadilishe tu apumzike.

Jana baada ya sala wamepewa jibu. Ni Sele.

Nisalimie Mama. Mwambie namheshimu na nitamheshimu siku zote.

Shadya


Maisaka, Babati
11 Novemba 2024

Kwa duka,

Mzigo umefika. Nimeelewa. Nashukuru.

Salvatory


Arusha
3 Agosti 2025

Salvatory,

Utashangaa kuona mwandiko huu.

Leo asubuhi alikuja dereva mmoja, Theodory, ana gari kama lako. Pistoni yake imejaa vishimo, anataka moja tu, kalipa nzima hataki. Dukani hatuna. Nikakumbuka kwamba nyuma, kwenye pipa la chuma chakavu, kuna kalipa ya namna ile. Yako. Nikaichimbua chini ya madiski, nikaipeleka kwa jirani, nikaweka kitambaa, nikaweka upepo.

Pistoni ikatoka. Na nyuma yake kikadondoka kipande cha nailoni kimefungwa kwa uzi, na ndani yake hereni yangu.

Theodory aliniuliza, dada umeumia? Nilikuwa nimekaa chini kwenye mafuta.

Salvatory, sikuifungua! Nakuapia kwa Mwenyezi Mungu sikuifungua. Siku ile Bushiri alikuja kutoka stendi akacheka, akasema fundi wako analeta ripea tena. Kikaratasi alikisoma yeye, mimi sikukiona. Akaniachia boksi. Nikalitingisha, nikapekua pembe zote, nikalichana mpaka likabaki karatasi, hakuna hereni. Kuna chuma tu. Nikasema basi, ndiyo jibu lake, hata neno moja hakuweza. Kalipa zote nafungua mimi, zote, za watu nisiowajua nafungua. Yako ile nilishindwa kuishika. Niliona nikiitoa pistoni yako tena na kuipima raba nitakufa. Nikaitupa kwenye pipa kama ilivyo, nikachukua mpya nikakutumia, nikijua sasa hutakuwa na sababu ya kutuma kitu, na mimi sitakuwa na sababu ya kungoja basi.

Ulikuwa unakuja? Niambie tu hilo. Mimi ni mke wa mtu, na Sele hajanikosea kitu hata siku moja, wala sitamkosea. Bushiri hafungui tena maboksi yangu, hana sababu. Niambie ukweli halafu tunyamaze.

Shadya


Maisaka, Babati
12 Agosti 2025

Shadya,

Nilikuwa nakuja.

Baba mdogo Aniceti alikubali kuwa mshenga, akanyoa ndevu. Mama alinunua kitenge cha kijani, akasema kifanane na hereni. Alishonesha mpaka kilemba. Nilimwuliza, Mama, na jumuiya je? Akasema, "Jumuiya walinisaidia kukuzaa?" Tulipanga kupanda basi Jumapili ile ya tarehe tatu, na Fabiani alishatuwekea viti vya mbele ili Mama asitapike.

Nilikaa muda mrefu nikifikiria niiweke wapi. Kwenye kona ya boksi, Bushiri angeiona. Ndani ya barua, angeisoma. Nikasema kuna sehemu moja tu duniani ambayo Bushiri hatagusa na Shadya lazima atagusa. Nikajiona nina akili sana, wallahi, hadi nikampigia Mama kelele aje aone. Akashika tochi wakati naisukuma pistoni.

Halafu Jumapili asubuhi, tumeshavaa, Fabiani akashusha boksi lako. Mama akasema lifungue, labda kuna ujumbe wa njia. Nikafungua. Kalipa mbili mpya, na "nimeona jibu lako", na Sele.

Nikajua umeiona hereni na bado umeamua. Ningeuliza nini tena? Ulisema hutaniuliza, nikaona na mimi nisikuulize. Nikamwambia Mama tusafiri siku nyingine. Alikivua kitenge, akakikunja. Hajakivaa tena.

Zile mpya sijazifunga, Shadya. Ziko kwenye boksi lao. Pikapu iko juu ya mawe tangu siku ile, upande wa kulia hauna kalipa. Mimi fundi, watu wanapita wanacheka, gari la fundi liko juu ya mawe. Nawaambia nasubiri spea. Mama anakwenda jumuiya kwa bodaboda, anaogopa, anafumba macho njia nzima, na bado hajaniambia hata siku moja funga hizo mpya.

Ndiyo ukweli. Sikulaumu. Simlaumu Bushiri. Nailaumu ile akili yangu, basi. Nakuombea heri na mumeo, naomba kutoka moyoni, ingawa moyo wenyewe unauma kiasi ambacho siwezi kukuandikia mke wa mtu.

Usinijibu kama ni vigumu.

Salvatory


Arusha
20 Agosti 2025

Salvatory,

Hii ni ya mwisho, na nimemwomba Mungu aniruhusu niiandike.

Kalipa yako hii hapa. Theodory nilimtafutia pistoni kwingine. Hii nimeiripea mwenyewe, dukani, mchana, mbele ya watu. Silinda nilipitisha kidole kama ulivyosema, bado laini. Pistoni haikuwa na kishimo hata kimoja, ilikuwa imekaa mle kwenye pipa miezi yote hiyo nzima kabisa. Kutu ya juu imetoka kwa msasa. Raba zote mpya, nimezipaka mafuta ya breki, na machozi yalidondoka humo nikayafuta, maana maji hayatakiwi kwenye breki, hilo unalijua.

Ifunge. Toa gari kwenye mawe. Kutoa upepo mwite Mama akanyage, na umwache afike amina. Umpeleke jumuiya, asipande tena bodaboda. Na mwambie akivae kitenge chake, mpe shikamoo yangu, mwambie ningempenda sana.

Zile mpya mpe mteja mwenye shida.

Hereni sikurudishii. Ni ya Baba, na umeshanirudishia. Leo nimezivaa zote mbili. Mchana Sele alikuja kuniletea chakula, akaziona, akafurahi mume wa watu, maana alinikuta na moja kabatini na alikuwa ameniahidi kunitafutia nyingine ya kufanana. Akasema, "Kumbe umeipata! Ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ilikuwa humu humu dukani, muda wote.

Shadya